Karani Kwenye Baraza la Mzee

Agosti 2012, wiki moja tu baada ya Idd, nilikuwa karani wa sensa Ngamiani, Tanga. Mwalimu wa shule ya msingi, buibui langu, mkoba wa madodoso begani. Baadhi ya masheikh walikuwa wamewaambia waumini wagome kuhesabiwa kwa kuwa dodoso halikuuliza dini. Mara ya mwisho sensa kuiuliza ilikuwa 1967. BAKWATA, baraza kuu la Waislamu nchini, wao walihimiza watu wahesabiwe. Mjumbe aliyenitembeza alinionya mlango kwa mlango: hapa watakupokea, pale usikae sana. Kwa mzee mmoja akanionya mara mbili.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Karatasi lako lina dini yangu?"

"Halina, babu. Lina uraia."

Akacheka mpaka akakohoa. "Uraia! Hiyo Tanzania mimi nimeizidi umri, mjukuu wangu. Imepewa jina naona. Dini nimeikuta kwa baba, naye kaikuta kwa babake. Sasa waniuliza hilo la juzi, la tangu na tangu huna haja nalo?"

Jibu la semina nilikuwa nalo: serikali haina dini, inataka kujua idadi ya watu ipange madarasa na zahanati. Nikalimwaga lote. Akanitazama kama ninavyowatazama watoto waliokariri.

"Na wewe ukiulizwa, watanguliza lipi?"

"Mtanzania," nikajibu upesi. Mjumbe alikuwa anasikiliza, na sitadanganya, nilimjibu yeye zaidi kuliko babu.

"Mwache mtoto wa watu afanye kazi yake!" Bibi huyo, kutoka ndani.

Adhana ya alasiri ikatoka. Mzee akachukua bakora, akavaa makubazi. "Usiku wa kuamkia Jumapili tulilala saba. Mengine muulize bibi yako." Akaenda zake msikitini.

Bibi alijibu yote, umri, elimu, mpaka choo. Tulipofika kwenye uraia akasema, "Wote Watanzania, naye umtie." Kisha akaingia chumbani, akarudi na kifurushi cha kitambaa cheupe. Ndani mlikuwa na juzuu ya Amma iliyochakaa pembe, na katikati ya kurasa zake kadi ya TANU ya mzee.

"Akiwa na hasira na serikali huitoa akaipangusa vumbi," akasema, akiifunga tena. "Usimwambie nimekuonyesha."