Siku moja maishani mwangu: kebo mbili za Y kabla ya saa mbili usiku

Saa 12:40 asubuhi. Simu inaita hata macho sijafumbua vizuri. Ni mpiga dramu wetu. "Fundi, zile kebo za Y za triga zimekufa zote mbili. Lakini usiwaze, jana nimepata nyingine, tena bei chee." Usingizi ukaniishia hapohapo.

Saa 2:15. Nipo ukumbini. Kazi yangu ni vyombo vya jukwaani: nafunga, napima, nalaumiwa. Ngoma zetu ni za kawaida, za kupigwa kwa fimbo na zikasikika zenyewe, ila nne zimefungwa triga, yaani vihisio vinavyogeuza pigo kuwa ishara ya umeme: besi, snea, tomu ndogo na tomu ya chini. Triga hizo zinaingia kwenye Roland SPD-SX, pedi ya kielektroniki inayolia sauti zilizohifadhiwa ndani yake, ambayo kwa nyuma ina matundu mawili tu ya triga. Kila tundu ni la stirio, linabeba triga mbili: moja inapita kwenye ncha ya jeki, nyingine kwenye pete, ule mkanda mwembamba wa chuma chini ya ncha. Kwa hiyo nahitaji kebo mbili za kugawa, ndizo hizo za Y: jeki moja upande huu, mbili upande ule.

Nachomeka ile ya jana. Anapiga besi, inalia besi. Anapiga tomu, inalia besi. Anaipiga tena kwa nguvu, kana kwamba tomu haikumsikia.

Alichonunua ni kigawanyio cha hedifoni. Ukikitazama, ni Y kama Y nyingine. Ndani yake lakini ncha imeungwa na ncha za pande zote mbili, kwa hiyo triga zote mbili zinamwagikia kwenye ncha, na pete inabaki kimya. Hata ukigeuza usiku kucha hakitafanya kazi hii.

Saa 4. Napiga simu huku na kule. Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza pesa: wanaulizia "kebo ya triga za dramu", wanatajiwa bei ya kitu adimu. Mimi naulizia kebo ya insati, jeki moja ya stirio kwenda jeki mbili za mono, milimita 6.35. Ni kebo ileile ambayo mafundi sauti waliungia kompresa, kifaa cha kubana sauti zinazopaa ghafla, kwenye miksa, ncha ikipeleka sauti na pete ikiirudisha. Siku hizi miksa za dijitali zina kompresa humo humo ndani, kwa hiyo insati nyingi zimelala tu kwenye maboksi. Fundi wa tatu niliyempigia, mtu mzima kwenye kazi hii, akacheka. "Njoo uchukue, mdogo wangu. Zimenijazia droo."

Saa 6. Droo kweli imejaa, ila nzima ni moja. Nyingine zote zimekufa jeki, na ni zile za plastiki iliyomwagiwa juu ya waya, hazifunguki. Ndiyo maana hata nikiwa nabana matumizi, natafuta jeki ya kufungua kwa mkono. Mzee akanitupia jeki moja tupu ya stirio.

Saa 7:30. Nimekata kebo mbili nyembamba za mono zilizokufa upande mmoja. Zile nene za gitaa hazipiti mbili kwenye kifuniko kimoja, usijaribu. Waya wa ndani wa kwanza kwenye ncha, wa pili kwenye pete, nyuzi za nje za zote mbili zinakutana kwenye shina, kile chuma kirefu chini ya pete. Nalehemu, napuliza, naisifu kazi yangu. Halafu naona kifuniko cha jeki kipo mezani, sikukivisha kwanza. Miaka yote hii! Nafumua, naanza upya. Maltimita inalia panapotakiwa, kati ya ncha na pete iko kimya.

Saa 10 jioni. Sauti nne, ngoma nne. Ila snea ikipigwa, tomu ya chini nayo inajibu kidogo, kwa sababu mtikisiko unapita sakafuni na kwenye stendi. Mpiga dramu anailaumu kebo niliyotengeneza. Kwenye SPD-SX napandisha kizingiti cha tomu, yaani nguvu ya chini ya pigo inayoifanya ilie, kidogo kidogo mpaka inanyamaza kwa snea na bado inaitikia fimbo laini. Kebo haikuwa na kosa, namwambia, naye anajifanya anakaza skrubu.

(Kwa wenye moduli nyingine: soma kitabu chake kwanza. Kuna matundu ambayo pete yake inasubiri swichi ya ukingo wa pedi, si piezo, kile kihisio cha mtikisiko kilichomo kwenye triga. Hapo kebo hii haitakusaidia, hata ukiinunua kwa dhahabu.)

Saa 2 usiku. Onyesho. Sikuwa na la kufanya, na hilo ndilo nilipendalo.

Saa 5:20. Nakunja nyaya. Kwenye mikono ya kila Y nazungushia utepe: mwekundu ni ncha, mweupe ni pete. Kigawanyio cha hedifoni nimemrudishia mwenyewe. Kesho yeye na mpiga gitaa la besi watakichomeka kwenye tundu la hedifoni la SPD-SX, wasikilize mazoezi pamoja.