Siku Moja Katika Chumba cha Kupima Usikivu na Mizani ya Mwili

Ifikapo saa moja na nusu asubuhi huwa nimekwisha kuwasha mashine na kuingia katika kibanda kisichopenywa na sauti, ambamo huvaa visikizio na kusikiliza mwenyewe milio nitakayowapigia wagonjwa, kuanzia mlio mzito wa hezi 250 hadi mwembamba wa hezi 8,000, kwa sababu mashine iliyopotoka kidogo tu inaweza kumpa mtu uziwi asio nao. Wengi wanaofika hapa hudhani kwamba kazi yangu ni kubonyeza vitufe. Kazi yenyewe ni kutafuta chanzo cha kizunguzungu na milio ya masikioni isiyokoma, na sehemu yake kubwa hufanywa kwa maswali, kabla mashine yoyote haijaguswa.

Saa za mwanzo hupita upesi. Kijana aliyelalamikia mvumo katika sikio moja alikutwa na nta iliyoziba njia ya sikio, ikatolewa, akaenda zake. Mama aliyekuwa akipepesuka kila anapoinuka kitandani nilimpima presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama; kipimo cha juu kilishuka kwa zaidi ya 20 ndani ya dakika 3, ikabainika kwamba masikio yake yalikuwa yakisingiziwa bure. Nilimrudisha kwa daktari wake ili dawa zake za presha ziangaliwe upya.

Saa nne na robo aliingia mzee mmoja pamoja na binti yake, wakiwa na bahasha nene ya majibu ya vipimo, na hapo ndipo ratiba ilipoharibika. Nilimwomba aeleze kizunguzungu chake kilivyo. "Kizunguzungu ni kizunguzungu," alijibu. Nilimwuliza kama huona chumba kikizunguka, au huhisi kama atazimia, au huyumba tu anapotembea. Akanieleza kwamba alikuja kupigwa picha ya kichwa, si kuhojiwa. Binti alipojaribu kujibu kwa niaba yake alikatizwa, kisha simu ya mzee ikalia, naye akaipokea na kuzungumza kwa utulivu ambao mimi sikuwa nao tena.

Maswali hayo yanayowakera watu ndiyo yanayotenganisha magonjwa. Kizunguzungu kinachodumu chini ya dakika 1 mtu anapogeuka kitandani ni jambo moja. Kinachojirudia na kudumu kati ya dakika 20 na saa 12, huku sikio likivuma, likihisi kujaa na kupungukiwa na usikivu, huelekeza kwenye ugonjwa wa Ménière, uliopewa jina la Prosper Ménière, daktari Mfaransa aliyeonyesha mwaka 1861 kwamba shida ya namna hiyo hutoka katika sikio la ndani. Kinachoendelea siku kadhaa mfululizo huweza kutokana na kuvimba kwa neva ya mizani. Mtu asipojua kimedumu kwa muda gani na huchochewa na nini, hata picha nzuri ya kichwa mara nyingi haitamsaidia.

Nilipofika kwenye swali la dawa, mzee alisema kwamba asubuhi hiyo alikuwa amemeza tembe ya kuzuia kizunguzungu ili afike salama. Barua ya miadi ilimtaka aache dawa hizo saa 48 kabla ya kipimo. Hatukuweza basi kumtia masikioni maji ya nyuzi 30 na ya nyuzi 44 na kutazama macho yanavyocheza, kipimo kilichotokana na kazi ya Robert Bárány, aliyepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914, kwa kuwa tembe hizo huutuliza mfumo wa mizani hata sikio zima likaonekana dhaifu. Mzee akasema kwamba tunamzungusha.

Ndani ya kibanda alibonyeza kitufe hata pale nilipokuwa sijapiga mlio wowote, maana mlio wa ndani ya masikio yake mwenyewe ulimchanganya. Nilianza upya kwa milio inayokatikakatika, ambayo ni rahisi kuitofautisha, na mchoro ukaonyesha usikivu ulioporomoka karibu na hezi 4,000 katika masikio yote mawili. Binti ndiye aliyesema kwamba baba yake alifanya kazi miaka mingi kwenye mashine za kukereza vyuma.

Kisha nikahakikisha kwamba shingo yake haina tatizo, nikamgeuza kichwa nyuzi 45 na kumlaza haraka chali, kichwa kikining'inia kidogo. Upande wa kushoto haukuonyesha kitu. Upande wa kulia, baada ya sekunde chache, macho yalianza kurukaruka na kujizungusha, na mzee akanishika mkono kwa nguvu zake zote. Chembe za kalsiamu kaboneti za sikio la ndani zilikuwa zimehama mahali pake na kuingia katika mfereji wa mizani. Nilimgeuza hatua kwa hatua ili zirudi, na nilipompima tena macho yalitulia.

"Na mlio?" aliuliza. Nilimweleza kwamba mlio una chanzo chake, yaani makelele ya karakana, na kwamba visaidizi vya kusikia huweza kuupunguzia makali. Akanijibu kwamba basi sijamponya.

Mchana ulikwenda bila mimi kuitazama saa ya ukutani. Miguu iliuma, na sauti yangu ilikauka kwa kurudia onyo lile lile: kizunguzungu kinachokuja ghafla pamoja na uso kupinda, ulimi kuwa mzito au kushindwa kutembea si cha kusubiri miadi, na sikio linaloziba ghafla bila sababu linahitaji daktari siku hiyo hiyo.

Wa mwisho alikuwa dada mmoja aliyeomba radhi kwa kunisumbua na "kamlio kadogo" ka sikio la kushoto. Sikio hilo lilisikia vibaya kuliko la pili, na maneno liliyatambua vibaya zaidi kuliko mchoro ulivyotabiri. Huyu ndiye aliyehitaji MRI, yaani picha ya kichwa inayopigwa kwa sumaku, ili kuondoa shaka ya uvimbe unaoota kwenye neva ya usikivu na mizani, ambao kwa kawaida si saratani na hukua polepole, lakini haufai kuachwa bila kujulikana. Nilimweleza hayo taratibu, nikaiandika barua yake kwanza, na ripoti ya mzee ikafuata.