Nilivyoondoa nitriti kwenye soseji za wanangu

Ushauri niliopewa kuhusu soseji ulikuwa wa namna mbili, na wote ulinichosha. Wako walionitisha kwamba soseji ni sawasawa na sigara, na wako walioniambia kwamba hayo ni maneno ya watu wa mitandaoni, niwaache watoto wale. Ni kweli kwamba mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliweka nyama ya kusindikwa katika kundi moja na tumbaku, lakini makundi hayo hupima uzito wa ushahidi, si ukubwa wa hatari. Kwa makadirio yao, kila gramu 50 zinazoliwa kila siku huongeza uwezekano wa kupata saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Gramu 50 ni kama soseji moja tu, na wanangu walikuwa wakila mbili karibu kila asubuhi kabla ya kwenda shule.

Katika paketi nilikuwa nikitafuta E250, yaani sodiamu nitriti, kemikali ya kuhifadhi inayotiwa kwenye nyama za kusindikwa kama soseji. Ikikutana na kemikali zitokanazo na protini kwenye moto mkali wa kikaango, au ndani ya tumbo lenye asidi, huweza kuzaa nitrosamini, na baadhi ya nitrosamini husababisha saratani. Duka moja liliniuzia soseji za bei ya kuumiza, zilizoandikwa kuwa ni za asili kabisa, lakini niliposoma maandishi madogo nikakuta zimetiwa unga wa seleri, aina ya mboga. Seleri ina nitrati nyingi, na viwandani nitrati hiyo hugeuzwa na bakteria kuwa nitriti ileile. Nilikasirika, na siku hiyohiyo nikaamua kutengeneza zangu.

Utumbo mwembamba wa kondoo niliuagiza buchani, na kwa kweli bei yake haifiki popote. Nililowesha kwa maji ya chumvi na ndimu, nikaulaza juu ya ubao, nikaukwangua taratibu kwa mgongo wa kisu, utelezi ukitoka mkunjo baada ya mkunjo, mpaka ikabaki ngozi nyembamba inayopitisha mwanga. Kisha nikapitisha maji ndani yake kutafuta matundu. Kwa kuwa sina mashine ya kujazia, nilichukua faneli mpya ya plastiki, nikaikata ncha hadi kidole gumba kikapita, nikaivalisha utumbo na kusukuma nyama kwa mpini wa mwiko. Nyama iwe imesagwa ikiwa baridi sana, karibu na kuganda, kwani ikipata joto mafuta hujitenga na soseji hukauka.

Kilichonisumbua ni rangi. Nitriti ndiyo huifanya nyama ibaki ya waridi hata ikiiva. Bila yake, nyama ya ng'ombe hugeuka kijivu. Mtoto wangu wa pili aliitazama sahani yake, akasema, "Mama, hii ni kababu ndefu." Binamu yangu akanishauri nitie maji ya kiazisukari chekundu, yaani bitiruti, na nyama mbichi ilipendeza kweli, nyekundu ya kung'aa hata nikawaita watoto waje waione. Ilipogusa mafuta ya moto wekundu ulianza kufifia, ukawa hudhurungi, na mwisho ukawa kama tope la mto wakati wa masika. Rangi ya kiazi hicho haivumilii moto, na isitoshe kiazi chenyewe kimejaa nitrati, kwa hiyo ushauri ule ulikuwa na kasoro mbili. Kilichofaulu ni paprika, ile pilipili nyekundu ya unga isiyowasha. Rangi yake huyeyuka kwenye mafuta na hustahimili joto, basi naipasha kwanza katika mafuta kidogo, kwa moto mdogo isiungue, naiacha ipoe kabisa, ndipo naichanganya na nyama pamoja na kitunguu saumu, pilipili manga na chumvi. Soseji hutoka zikiwa na wekundu wa machungwa, na hakuna aliyezikataa tena.

Mtu mwingine akaniambia kwamba, kwa kuwa naogopa nitrati, basi niache na mchicha. Ushauri huo ndio ulioniudhi kuliko yote. Mchicha una nitrati nyingi kuliko soseji, ndiyo, lakini huja pamoja na vitamini C, ambayo huzuia nitrosamini kutengenezwa, na haubebi ile damu na protini ya nyama inayozichochea. Ninachokataza nyumbani kwangu ni kuulaza mchicha uliopikwa nje ya friji usiku kucha na kumlisha mtoto mchanga kesho yake, kwa sababu bakteria huendelea kugeuza nitrati kuwa nitriti, na nitriti nyingi hupunguza uwezo wa damu ya mtoto kubeba oksijeni.

Jirani yangu mwenye mgahawa aliomba nimtengenezee za kuuza, na nilikataa. Nitriti haiwekwi kwa ajili ya rangi peke yake. Huzuia pia bakteria wa botulizimu, ambao sumu yao huua. Soseji zangu hugandishwa siku ileile, au huliwa kufikia kesho yake zikiwa zimeiva mpaka ndani, na kabati lake la kioo halina ubaridi wowote tangu asubuhi hadi jioni.