Pi 3B+: kerneli inasema 1.4, prosesa inakwenda 1.2

Aisee hatimaye nimempata mchawi!! Wiki mbili nahangaika na hii Raspberry Pi 3B+ (kikompyuta cha bodi moja), nikianza kukompaili, yaani kugeuza kodi kuwa programu, inaenda fresh, dakika mbili tatu mbele inaanza kujivuta, na kila nikisoma scaling_cur_freq, faili la Linux la spidi ya prosesa kwa kHz, naona 1400000. Yaani kerneli, kiini cha Linux, inaapa tuko GHz 1.4 ila kazi haiishi. Nikashuku memori kadi, nikabadilisha. Nikashuku chaja, multimita kwenye pini za 5V ikasoma 5.06 mzigo ukiwa juu, iko safi. Nikapiga sistimu upya kabisa, usiku mzima umeenda hapo, inauma.

Jana ndo nikapiga vcgencmd measure_clock arm, amri ya Pi inayopima spidi halisi ya prosesa, katikati ya kazi: Hz milioni 1200, yaani GHz 1.2. Kumbe ile ya kerneli ni spidi iliyoombwa tu, mwenye mamlaka ni femuwea, programu ya ndani ya Pi inayokaa upande wa GPU (chipu ya picha), na inashusha spidi bila kumwambia Linux. vcgencmd get_throttled, amri inayosema kama Pi imepunguzwa spidi, ikatoa 0x80008, ile 8 ya mwisho ni biti ya 3, kikomo laini cha joto. Hiki kipo kwenye 3B+ na 3A+, ukigusa nyuzi 60 tu inakurudisha 1.2, mbali kabisa na zile 80 tulizozoea kuziogopa. Sasa chumba changu hapa Dar mchana ni nyuzi 32, Pi ikiwa haina kazi yoyote inasoma 51, hizo 60 zinachukua muda gani kufika? Nikisimamisha kazi inabaki 0x80000, hiyo isikutishe, ni kumbukumbu tu kwamba ilishatokea, mpaka uwashe upya.

Na htop, ile programu ya kuangalia matumizi ya prosesa, jamani tuiache kwenye hili, inakuonyesha kori zote ziko asilimia 100 halafu spidi yenyewe huijui.

Nimeweka temp_soft_limit=70 kwenye config.txt, faili la mipangilio ya Pi, 70 ndo juu kabisa inaporuhusu, nikabandika hitisinki (kipande cha chuma cha kutoa joto) niliyong'oa kwenye bodi iliyokufa na kafeni kadogo pembeni. Sasa inatulia 62, measure_clock haitoki 1400, kompaili ileile ya dakika 42 imeisha kwa 36. Nimeirudia mara tatu nione tena kwa raha zangu.

Wikiendi hii nilipanga nifunge hadidiski iwe seva ya mafaili ya nyumbani, ila nimeshaanza skripti inayoandika joto na spidi kila sekunde 5, nataka grafu ya mchana na usiku kwanza, hadidiski itasubiri.