Tulivyopandisha Injini ya Hilux Uani

Mwaka 2009, Makambako ikiwa bado ndani ya mkoa wa Iringa, Hilux ya mama ilichemsha ikipanda mlima Kitonga na mzigo wa saruji. Ilikuwa na injini ya Toyota iitwayo 3L, dizeli ya cc 2779. Ni injini ngumu, lakini mafundi wote wanajua inapoumia: ikichemsha na dereva asiizime mapema, hedi, kile kifuniko cha chuma cha juu ya silinda, hupasuka. Maji yaliingia kwenye oili ikawa kama chai ya maziwa, na beringi za kreki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, zikaliwa.

Kazi ya chuma ilifanyika Mbeya. Silinda zikachongwa zipokee pistoni za oversaizi 0.50, yaani nene zaidi kwa nusu milimita, kreki ikasuguliwa, hedi ikanunuliwa mpya. Ila kuipandisha kwenye gari, mama hakutaka ifanyike gereji. Kuna gereji iliwahi kumrudishia gari likiwa na stata kuukuu isiyo yake. "Fundi, utakuja kwangu," alimwambia. "Chakula kipo, na mimi nitakuwepo." Alikuwa sahihi kabisa, na hadi leo mwenye uwanja na fundi wa kuaminika namshauri hivyohivyo.

Fundi akaja na mabomba matatu ya chuma, akayafunga kileleni, akaning'iniza cheni bloku, winchi ya mkono ya kuinulia mizigo. Boneti na rejeta vilishatolewa. Gia boksi ilibaki chini ya gari, imeegemea jeki. Kabla ya kuinua chochote alikaa kwenye ndoo akachonga kijiti kwa kisu, akikipima mara kwa mara na ncha ya shafti ya gia boksi. Akakipitisha katikati ya pleti ya klachi hadi kwenye ile beringi ndogo ya flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya kreki, ndipo akakaza presha pleti inayoibana pleti ya klachi. Pleti ikikaa upande, alinieleza, mtashinda hapa mpaka usiku na shafti haitaingia.

Mimi nilishika cheni. Kaka alilala chini kwenye gia boksi.

"Teremsha. Kidogo. Basi!"

Shafti iligusa, ikaingia, kisha ikagoma uwazi ukiwa umebaki wa kidole kimoja. Jirani mmoja akashauri tutie boliti tuivute. Fundi akakataa katakata: ganda la gia boksi ni aluminiamu, ukilivuta kwa boliti linapasuka. Akamwambia kaka aweke gia, yeye akatia spana kwenye puli ya kreki akazungusha taratibu sana, mkono mwingine umelalia bloku. Meno ya shafti yakaingia kwenye meno ya pleti. Injini ikajisogeza yenyewe mpaka ikagusana na gia boksi, bila hata boliti moja. Sijaona tena mkono mtulivu kama ule.

Maunti zinazoshikilia injini, ekzosi, rejeta na waya vilirudi bila taabu. Mkanda wa taimingi, unaozungusha kemshafti ya valvu na pampu ya dizeli kwa kufuata kreki, ulishafungwa Mbeya, lakini hakuuamini. Alizungusha kreki kwa mkono mizunguko miwili kamili akahakikisha alama za kreki, kemshafti na pampu zinarudi mahali pake.

Mama alidhani sasa tunawasha. Fundi akachomoa waya wa solenoidi inayofungua dizeli kwenye pampu, akapiga stata injini ikizunguka bila kuwaka, akipumzisha kati yake, mpaka taa ya oili ikazima. "Mama, beringi mpya hazitakiwi kuwaka kavu," alisema. Hapo mama akavuta kigoda akakaa.

Waya ukarudishwa. Tukapampu kitufe cha juu ya filta ya dizeli mpaka kikawa kigumu, tukalegeza nati za mabomba kwenye nozeli zinazopuliza dizeli ndani ya injini, ili hewa itoke. Stata ilipopigwa, dizeli ilitoka na povu, kisha safi, na nati zikakazwa moja baada ya nyingine. Jioni ya Juni Makambako ni baridi, kwa hiyo tulisubiri taa ya hita izime. Ikakohoa moshi mweupe, ikashika silinda mbili, halafu zote nne. Mama alipiga vigelegele hadi wapita njia wakasimama.

Fundi alipiga marufuku mzigo mzito mpaka kilomita 1,000 ziishe. Mama alitii. Gari lilienda Njombe na kurudi tupu, majirani wakimshangaa anavyochoma dizeli bure. Kilomita zilipotimia, oili ikamwagwa juu ya kitambaa cheupe tukaichungulia pamoja. Hakukuwa na chembe ya chuma. Kesho yake tukapakia viazi.