Konda wangu kageuzwa singeli

Asubuhi nimefungua simu nikamkuta konda wangu ndani ya singeli. Nasema wangu kwa sababu mimi ndiye niliyemrekodi Mbagala Rangi Tatu mwezi uliopita, akiita abiria kwa mbwembwe, vifungo viwili wazi, noti kazibana katikati ya vidole. Kijana mmoja kamchukua, kamkatakata, ile "twende twende twende" yake imekuwa mdundo. Imetazamwa mara 300,000. Yangu ilifika 2,100, tena nusu ni ndugu zangu.

Nilitaka kuwaka. Nikairudia, nikacheka. Kijana kafanya kazi jamani. Kila ngoma inadondoka palepale konda anapogonga bodi la gari.

Sasa pesa. YouTube, aliyekubaliwa kwenye mpango wa malipo hupata asilimia 55 ya mapato ya matangazo kwenye video ndefu. Kwa Shorts, zile video fupi, ni asilimia 45 ya fungu la matangazo analopangiwa. Lakini pesa inaingia kwa aliyepakia. Upo mfumo wa Content ID, unaoweza kutambua kazi ya mtu na kumpelekea mwenyewe mapato, ila wanaoruhusiwa kuutumia ni wakubwa wenye haki nyingi, kama kampuni za muziki na filamu. Mimi na simu yangu iliyopasuka kioo, wapi!

Nikamwandikia kijana: tugawane nusu kwa nusu. Akajibu fasta, "Poa kaka. Na konda je?"

Hapo kanibana. Konda nilimpa soda.