Miche sitini

Kwetu Mafinga mtoto anajua kupanda mti kabla hajajua kuendesha baiskeli. Unachimba shimo, unaweka mche, unafukia, unakanyaga pembeni, unasonga mbele. Kwa hiyo Juni 2019, nilipopata kibarua cha kupanda miti huko Alberta, Kanada, nilienda na kiburi cha fundi. Siku ya tatu kiburi kikaisha.

Tulikuwa kwenye makazi ya kundi la Little Smoky, karibou wa misituni, mnyama wa jamii ya kulungu wa nchi za baridi. Mwenzangu alikuwa Mkongo wa Bukavu, mtu wa utani asiyechoka. Njiani tulipita kibao chenye picha ya mnyama huyo na jina lake la Kiingereza, naye akalisoma kwa sauti kama Kiswahili kabisa: karibu.

"Ndugu yangu," akaniambia, "tangu asubuhi wanatukaribisha, na mwenye nyumba haonekani."

Na kweli haonekani. Wakati wa baridi karibou hula hasa laikeni, zile ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye miti mizee na kutanda chini kama zulia. Jike huzaa ndama mmoja tu kwa mwaka. Wingi si kinga yake. Kinga yake ni kujitenga ndani ya msitu mzee ambako kulungu na muusi, yule mkubwa kama ng'ombe, hawapati vichaka vya kutafuna, hivyo mbwa mwitu hawana la kufuata huko. (Msidhani ni wale wenye mabaka wa Ruaha. Hawa ni wakubwa, na unyayo wao unajaa kiganja changu.) Wakataji mbao wakifyeka, vichaka vinachipua, muusi anaingia, mbwa mwitu anamfuata, na karibou anakutwa humo humo.

Halafu kuna mistari. Watafuta mafuta walipasua msitu kwa tingatinga, njia zilizonyooka kama uzi, upana wa mita 5 hadi 8, wakalipua baruti chini ya ardhi na kusikiliza mwangwi wake. Kwetu njia isipopitwa msimu mmoja wa mvua imekufa. Huku nilisimama kwenye mstari uliokatwa kabla sijazaliwa, na bado niliona mwisho wake mbali kule, nyasi tu katikati, miti kulia na kushoto. Mbwa mwitu hutembea humo kama yuko kwenye lami. Mkakati wa serikali kuu wa 2012 ulitaka angalau asilimia 65 ya makazi ya kila kundi iwe haijavurugwa. Little Smoky ilikuwa imevurugwa asilimia 95. Serikali ya jimbo ikawa inawapiga mbwa mwitu risasi kutoka kwenye helikopta tangu majira ya baridi ya 2005, kundi lisiishe. Labda bila hivyo lingeisha kweli, lakini sikuweza kulipenda jambo hilo: njia kafungua mwingine.

Kazi yetu ilikuwa kuziba. Ekskaveta lilitangulia kuchota udongo wa kinamasi na kuumwaga pembeni katika vichuguu, na magogo yakalazwa kukatiza njia. Sisi tulifuata na miche ya sprusi mweusi kwenye mifuko ya kiunoni, visubi wakitutafuna nyuma ya masikio. Sasa, kila kichuguu kina shimo lake ubavuni, pale udongo ulipotoka. Mtu wa Mafinga akiona shimo limeshachimbwa atafanya nini? Nikapanda shimoni. Nilikwenda kasi, kwa kuwa tulilipwa kwa mche, na nikamcheka Mkongo aliyekuwa anapanda vichuguu kama mbuzi.

Msimamizi wetu, mama wa makamo, alinifikia nikiwa na miche 60 ardhini. Hakusema kitu. Alishika mche mmoja, akauvuta, ukatoka kama kijiko kwenye uji, na kitundu kikajaa maji meusi. Akaingiza mkono juu ya kichuguu, akanionyesha udongo: mkavu, wa uvuguvugu. Mizizi ikikaa chini inazama, akasema. Kimo hiki kidogo ndicho kinachouokoa mti.

"Yote, bosi?"

"Yote."

Nilikuwa nimeinama nang'oa pale Mkongo aliponipigia mluzi. Kwenye udongo uliomwagwa juzi kulikuwa na nyayo za mbwa mwitu. Tulizifuata. Mwanzoni zilikuja zimenyooka katikati ya mstari. Zilipofika kwenye vichuguu zikaanza kuyumba, mara huku mara kule, zikazunguka gogo la kwanza. Kwenye gogo la pili zikakata kushoto, zikaingia kwenye miti, hazikurudi.

Msimamizi alizitazama muda mrefu, akapiga picha tatu. Ndiyo mara pekee nilimwona akicheka.

Miche ile 60 lakini hakunilipa.